Sifuri ya Jozani

Mwaka 2018 kituo cha Animal Planet cha Marekani kilirusha kipindi kuhusu chui wa Unguja, sehemu ya mfululizo uitwao Extinct or Alive. Mtangazaji wake, Forrest Galante, anafika kisiwani na kamera za mtego, zile zinazofungwa kwenye shina la mti na kujipiga zenyewe kinapopita kitu chenye joto la mwili. Anaongea na wenyeji, anaingia msituni, anasubiri. Halafu, kwenye picha za usiku, chui anapita. Ni sekunde chache tu, mnyama wa rangi ya majivu gizani, kisha hayupo. Shangwe inayofuata ni ya watu waliouona mwezi wa Idi baada ya kukata tamaa. Habari zikatapakaa kwamba chui aliyedhaniwa ametoweka yu hai.

Ukikitazama kama televisheni, kipindi hakina kosa kubwa. Kina safari, kina hofu kidogo, kina msitu wa Jozani wenye kivuli kizuri, na kina mwisho. Tatizo langu ni swali lake, ambalo limeandikwa kwenye jina la mfululizo wenyewe: ametoweka au yu hai? Swali hilo lina milango miwili tu, na mnyama halisi mara nyingi hakai nyuma ya mmojawapo. Dume mmoja mzee asiye na jike yu hai, na wakati huohuo jamii yake imeshakwisha. Majike watatu na madume wawili kwenye vichaka vya kusini ni jambo jingine kabisa. Picha moja haiwezi kututofautishia hali hizo mbili. Inasema kwamba usiku ule, mahali pale, palikuwa na chui asiyepungua mmoja. Zaidi ya hapo ni sisi tunaongeza.

Ndiyo maana nataka kukisoma kipindi hiki pamoja na maandishi mengine yanayoshughulika na mnyama huyuhuyu, na mengine machache ya mbali, yaliyoandikwa na watu waliolazimika kumhesabu mtu asiyetaka kuonekana. Nasema mtu kwa makusudi. Katika hadithi za Unguja chui hakuwahi kuwa mnyama tu.

Kwenye vitabu vya sayansi aliingia mwaka 1932, pale R. I. Pocock wa makumbusho ya historia ya asili ya London alipompa jina Panthera pardus adersi. Alimwona ni mdogo kuliko chui wa bara, na madoa yake, badala ya kujipanga kwa maua makubwa, yamevunjikavunjika kuwa vitone. Alifanya kazi hiyo kwa ngozi na mifupa. Tangu mwanzo, basi, ujuzi wa sayansi juu ya chui huyu ni ujuzi wa maiti, na haujabadilika sana. Hakuna mtafiti aliyewahi kukaa miezi akimfuatilia akiwa hai, akajua analala wapi na anahitaji eneo kubwa kiasi gani. Hilo lina maana kubwa katika kuhesabu, kama tutakavyoona.

Waliomwandika vizuri kuliko wote ni Martin Walsh na Helle Goldman. Katika makala zao kadhaa, kuanzia ile ya mwaka 2002 inayouliza kama chui huyu ametoweka, hadi Chasing Imaginary Leopards ya 2012, wanafanya jambo ambalo kamera ya Galante haiwezi kulifanya: wanasikiliza kwa muda mrefu. Wanaeleza jinsi idadi ya watu na mashamba ilivyoongezeka katika karne ya ishirini, msitu ukapungua, mawindo ya chui yakapungua, na chui akazidi kusogelea mbuzi na hata watoto. Wanavijiji wakalieleza jambo hilo kwa lugha waliyokuwa nayo: chui hawa wanafugwa. Kuna wafugaji, nao ni wachawi, wanaowatuma wakawadhuru jirani zao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 imani hiyo ikawa kampeni ya kuua chui na kuwaumbua waliodaiwa kuwafuga, ikiongozwa na mganga mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Walsh na Goldman wanaonyesha kwamba chui wa Unguja aliuawa na hadithi kabla ya kumalizwa na bunduki, na hilo ni jambo zito kuandikwa juu ya hadithi yoyote.

Sasa turudi kwenye kuhesabu. Mtafiti wa kawaida anapofika kijijini huuliza: mmewahi kumwona chui? Lini? Wapi? Wangapi? Majibu anayaandika kwenye jedwali. Lakini katika nchi ambayo kila chui ana mwenyewe, kusema umemwona chui karibu na shamba la fulani si taarifa ya wanyamapori. Ni ushahidi juu ya fulani. Nikiwasoma Walsh na Goldman naona kwamba idadi ya chui katika masimulizi yale ilifuata idadi ya jirani walioshukiwa zaidi ya kufuata idadi ya wanyama msituni. Kijiji chenye ugomvi mwingi kingekuwa na chui wengi. Na pale watu wa uhifadhi walipoanza kuyafuatilia madai ya wafugaji, wakitumaini kuonyeshwa chui aliyefichwa, thamani ya kujua alipo chui ikapanda, na waliojua wakaongezeka. Chui wenyewe hawakuletwa.

Tuna methali inayofaa hapa na inayotudanganya hapahapa: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni hekima nzuri kwa fitina za mtaani. Kama kanuni ya takwimu ni balaa. Takwimu za serikali ziliendelea kuonyesha chui waliouawa na wasasi hadi katikati ya miaka ya 1990, wakati wataalamu wengi wa wanyama walikuwa wamekwisha kata tamaa. Mtu aliyefunzwa kusoma nyaraka atauliza hapo: ngozi ziko wapi? Ngozi ya chui si kitu cha kutupwa jalalani. Lakini sentensi hiyohiyo inaweza kugeuzwa. Kwa nini tuamini kwamba kila aliyeua chui kwenye kisiwa ambacho chui ni habari ya uchawi angeipeleka ngozi ofisini? Kila ushahidi juu ya mnyama huyu una mlango wa nyuma.

Ninachowadai Walsh na Goldman ni kimoja, nacho si cha sayansi. Makala zao zimejaa sauti za wazee wa Unguja, na zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa majarida ya kitaaluma. Kijana wa Makunduchi aliyesimuliwa na babu yake juu ya chui ana nafasi kubwa zaidi ya kuiona video ya Galante kwenye simu kuliko kuisoma makala iliyomchambua babu yake. Kwa hiyo hadithi iliyorudi kisiwani ni ile ya sekunde chache. Kipindi cha televisheni kiliwatumia wenyeji kama vibao vya njiani, huyu kasema huku, yule kasema kule, bila kuuliza kwa nini mtu aseme. Walsh na Goldman waliuliza, lakini wakajibiwa kwa faida ya wasomaji wa mbali.

Baada ya kusema, kuna kuona. Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, nao si wa imani wala uchawi. Chui ni mnyama wa usiku, hutembea peke yake, na mwili wake umechorwa ili jicho lishindwe kuufuata. Madoa yanavunja umbo. Ukimtazama kichakani unaona jua na majani makavu. Kusini na mashariki mwa Unguja ardhi ni mawe ya matumbawe yenye vichaka vya miiba, mahali ambapo hata mbuzi wako mwenyewe unaweza kumpoteza mchana. Kamera ya mtego haidanganywi na madoa kwa sababu inahisi joto, lakini inaona mita chache tu mbele yake, na kisiwa kina takriban kilomita za mraba 1,600.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kamera moja ikikaa usiku mmoja, tuuite mkesha. Tuseme chui yumo msituni, na kila mkesha una nafasi moja katika 500 ya kumnasa. Ukiweka kamera kumi kwa siku hamsini, una mikesha 500. Nafasi ya kuambulia patupu bado ni kama asilimia 37. Yaani katika watafiti watatu watakaofanya kazi hiyo kwa uaminifu, mmoja atarudi na sifuri huku chui akiwa yumo, labda amelala mita mia kutoka kwenye kamera. Ukifikisha mikesha 1,500, nafasi hiyo inashuka hadi asilimia 5. Sifuri ya wiki mbili na sifuri ya miaka miwili zinaandikwa kwa alama ileile, lakini si namba moja.

Na ile moja katika 500 tumeitoa wapi? Kwenye mfano wangu nimeibuni. Kwenye utafiti inabidi ipatikane kwa kuwaangalia chui wenyewe, na chui wa Unguja hajawahi kuangaliwa akiwa hai kiasi hicho. Inabidi kuazima kutoka bara. Lakini chui wa bara anayepita katikati ya barabara ya hifadhi kama mwenye nyumba si lazima afanane na mnyama ambaye wazazi wa wazazi wake waliwindwa hadi karibu wote wakaisha. Pengine waliobaki, kama walibaki, ni wale waliokwepa njia. Na kamera tunaziweka njiani.

Unguja yenyewe ina visa viwili vinavyostahili kuwekwa mezani, na vinavutana. Cha kwanza ni cha mnyama mdogo mwenye madoa wa jamii ya kanu, ambaye wanasayansi hawakujua kwamba anaishi kisiwani hadi miaka ya 1990. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1998. Mwaka 2003 Helle Goldman na Jon Winther-Hansen wakatega kamera Jozani na kumpata kwa picha ya kwanza akiwa hai. Anayetaka chui awepo ataruka: mnaona, mnyama wa madoa anaweza kujificha mbele ya wataalamu kwa karne nzima! Ni kweli. Ila kamera zilezile zilizompata yule mdogo hazikumpata chui. Kisa kimoja, na kila upande unakichukua kama chake.

Cha pili ni kima punju, ambaye hajifichi hata kidogo. Anakaa juu ya miti kwa makundi, ana kelele, watalii wanampiga picha kila siku. Hata yeye hesabu zake zilikuwa zimekosewa. Utafiti ulioongozwa na Tim Davenport wa shirika la WCS ulipokizunguka kisiwa kwa utaratibu, ukapata zaidi ya kima 5,800, kama mara tatu ya waliokuwa wakikadiriwa kabla. Ikiwa mnyama mwekundu anayepiga kelele juu ya kichwa chako anaweza kuhesabiwa theluthi tu, sijui tunamtegemea vipi mtu atuambie juu ya mnyama wa kijivu wa usiku kwa uhakika ule wa televisheni.

Huenda msomaji anasema shida ni uchache wa kamera. Tuzimwage nyingi, tumalize ubishi. Kuna mahali walifanya hivyo. Chui wa theluji wa milima ya Asia ya Kati na Himalaya hana ubishi wa kuwapo, na India ilimtegea kamera katika sehemu karibu elfu mbili kati ya 2019 na 2023. Matokeo yalitangazwa Januari 2024: chui 718. Namba ile ikaandikwa kila mahali kama vile mtu alisimama mlangoni akihesabu wakipita. Waliotambuliwa kwa sura walikuwa 241. Wengine 477 walitokana na hesabu.

Siwacheki. Hesabu hiyo ni halali, na kanuni yake mtoto wa sekondari anaielewa. Madoa ya kila chui ni ya kwake peke yake, kama alama za vidole, kwa hiyo madoa yanayomficha ndiyo hayohayo yanayomtambulisha. Raundi ya kwanza umepata chui 10. Raundi ya pili umepata 10, na 5 kati yao ni wale wa mwanzo. Ina maana raundi ya kwanza ilikuwa imeshika nusu ya wote, basi wote ni 20. Sasa tuseme katika wale 5 wa marudio, mmoja amepigwa ubavu wa kushoto akiwa amekunja mwili, na manyoya marefu ya baridi yamevuruga madoa. Mchambuzi anamtazama na kusema: huyu mgeni. Marudio yanabaki 4. Hesabu inaruka kutoka 20 hadi 25. Amekosea mara moja, na wamezaliwa chui watano.

Hilo si la kufikirika tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulichukua picha za chui wa theluji 16 wa bustani za wanyama za Ulaya, ambao majina yao yanajulikana, ukawapa wachambuzi wawapange nani ni nani. Waliokosewa ni asilimia 12.5 ya matukio, na idadi iliyotokana na makosa hayo ilizidi ukweli kwa theluthi moja hivi. Ukubwa wa kosa hauniogopeshi kama mwelekeo wake. Kumgawa chui mmoja kuwa wawili kulitokea zaidi kuliko kuwaunganisha wawili kuwa mmoja. Jicho letu, likiwa na shaka, linazaa.

Na namba hizi zina kazi. Mwaka 2017 IUCN ilimwondoa chui wa theluji kwenye daraja la walio hatarini kutoweka na kumweka daraja la chini yake kwa hatari, kwa hoja kwamba waliokomaa wanazidi 2,500, ambayo ni moja ya mipaka ya daraja lile. Wengine, wakiwemo shirika la Snow Leopard Trust, walipinga. Theluthi ya kosa, mahali karibu na mpaka kama huo, inatosha kumvusha mnyama kutoka upande mmoja hadi mwingine, na fedha na walinzi huelekea kumfuata pale alipoandikwa.

Nikisoma fasihi ya wanyama wa namna hii, nagundua kwamba waandishi walioheshimu ugumu huu ni wachache, na mmoja wao hakuhesabu chochote. Peter Matthiessen alikwenda Dolpo, Nepal, mwaka 1973, pamoja na mwanabiolojia George Schaller aliyekuwa akichunguza kondoo wa buluu. Alitumaini kumwona chui wa theluji. Hakumwona. Mwaka 1978 akatoa kitabu chenye jina la mnyama huyo, The Snow Leopard, kurasa mamia za nyayo, kinyesi, mikwaruzo, miguu yenye malengelenge na kumbukumbu za mke aliyefariki. Sylvain Tesson, Mfaransa, alimwona huko Tibet na kitabu chake kikapata tuzo ya Renaudot mwaka 2019. Kinasomeka vizuri, lakini baada ya chui kutokea nguvu inapungua, kama arusi baada ya bibi harusi kuondoka. Cha Matthiessen kinaendelea kukusumbua.

Najua kuna wanaokisoma kwa ajili ya Ubuddha wake, na mimi sehemu hizo nazipitia haraka. Kinachonifunga ni jinsi anavyoandika kukosa. Hasemi tu kwamba hakumwona. Anakuonyesha kukosa kwenyewe kulivyofanyika. Alipita bonde gani, saa ngapi, kulikuwa na theluji ya jana au ya leo, nyayo zilikuwa na ukingo mkali au zimeyeyuka, Schaller alikuwa upande upi. Ukimaliza kitabu unaweza kuipima sifuri yake, kwa sababu unajua jasho lililotangulia. Ameandika daftari la mtafiti bila kukusudia.

Kipindi cha Galante kina chui, na daftari hakina. Kwenye montaji, siku tupu ndizo za kwanza kukatwa, kwa kuwa hakuna anayetazama televisheni ili aone kichaka kikitikiswa na upepo. Lakini siku zile ndizo zingetuambia sekunde chache zile zina uzito gani. Kamera zilikuwa ngapi? Zilikesha mara ngapi? Ziliwekwa njiani au vichakani? Ziliachwa zikae baada ya ndege kuondoka, na nani akabaki kubadilisha betri? Hayo ningeyataka yaandikwe kwenye skrini mwishoni, polepole, pale ambapo sasa kuna muziki. Na picha nyingine zote zioneshwe: paa nunga akila matunda yaliyoanguka, ngawa, mbwa wa mtu, kima akishuka kunywa maji, mama wawili na mizigo ya kuni vichwani, mmoja akiitazama kamera moja kwa moja.